Sabato ya Gusii na kura ya Basel

Abagusii husimulia kwamba walitoka Misri. Masimulizi yanawapitisha mababu kwenye Mlima Elgon, kisha tambarare za Kano, hadi kwenye vilima ambavyo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira. William Ochieng', aliyechapisha historia ya Abagusii wa kabla ya ukoloni mwaka 1974, aliiweka Misri hiyo kaskazini ya Elgon, mbali kabisa na nchi ya Farao. Lakini waambie watu wanaosoma Biblia kila siku kwamba babu zao walitoka Misri, uone kama watakusubiri umalize maelezo ya ramani.

Juu ya hadithi hiyo ikaja Sabato. Mwaka 1906 Waadventista walifungua misheni Gendia, kando ya Ziwa Victoria, na mwaka 1912 wakapanda hadi Nyanchwa, pembeni ya mji wa Kisii. Wakatoliki walikuwa wamewatangulia mwaka mmoja tu, pale Nyabururu. Kufikia nilipokuwa mtoto, Jumamosi ilikuwa na sauti yake katika vilima vya Nyamira: panga halisikiki, kikapu cha majani chai kimetundikwa, na Ijumaa mchana kila mtu anakimbia kuchota maji na kupasua kuni kabla ya kufungua Sabato jua linapozama. Ndiyo maana Mkisii wa kanisani akiitazama Israeli leo huona sheria ya Musa, taifa na nchi vimefungwa kamba moja. Wayahudi wenyewe wamebishana kuhusu kamba hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na safari moja ubishi huo ulitua karibu sana na kwetu.

Sheria ya dini ya Kiyahudi huitwa halakha, neno linalotokana na kutembea. Jina linaifaa. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na kuanzia hapo marabi waliijenga sheria kwa ajili ya watu wasio na mfalme wala jeshi. Mishna, mkusanyo wa sheria hiyo uliokamilika yapata mwaka 200, inahesabu aina 39 za kazi zilizokatazwa siku ya Sabato. Talmud, kitabu cha mijadala ya marabi, ikazijadili, na mwaka 1565 kitabu cha Yosef Karo, Shulchan Aruch, kikachapishwa na kuwa mwongozo wa nyumba hadi nyumba. Ni sheria tofauti sana na ile iliyoletwa Nyanchwa, ingawa zote mbili zinamnyooshea kidole nguruwe. Sahani ya obokima, yaani ugali, na nyama, pembeni amabere amaruranu, maziwa ya mgando, ni karamu ya halali kwa Msabato wa Nyamira. Kwa rabi ni kosa kabla ya tonge la kwanza, kwa kuwa nyama na maziwa havikai meza moja.

Ndani ya Talmud pia mna fundisho la viapo vitatu: Wayahudi wasiipande nchi yao kwa nguvu, wasiyaasi mataifa, nayo mataifa yasiwatese kupita kiasi. Utaifa wa Kiyahudi, yaani Uzayuni, ulipozaliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, marabi wengi waliupinga kwa hoja za namna hiyo. Kurudi Sayuni ni kazi ya Masihi, walisema, wala si kazi ya mwandishi wa magazeti wa Vienna. Mwandishi huyo alikuwa Theodor Herzl.

Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa katika ghasia za Kishinev, ndani ya himaya ya Urusi. Mwezi huohuo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimgusia Herzl habari ya ardhi aliyoiona miezi michache kabla, alipopanda reli kutoka Mombasa. Barua rasmi ikatoka tarehe 14 Agosti: koloni la Kiyahudi litakalosimamiwa na afisa Myahudi, lenye uhuru wa kujiamulia mambo ya dini na ya ndani. Mahali palipolengwa ni uwanda wa Uasin Gishu. Historia inauita Mpango wa Uganda, jina linalowapoteza watu. Hadi Aprili 1902 Kisumu, Uasin Gishu na vilima vya Gusii vyote vilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Kisha mpaka ukahamishwa na vikaingizwa katika himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Gusii ilihamishwa nchi bila habari. Jeshi la Waingereza lenyewe lilifika kuwapiga Abagusii mwaka 1905. Wanandi, waliochunga mifugo kwenye uwanda huo baada ya Wamaasai wa Uasin Gishu, nao hawakuulizwa. Walowezi Wazungu wa Nairobi, waliokuwa wachache mno, hawakungoja kuulizwa: wakiongozwa na Lord Delamere, walipiga kelele hadi London.

Herzl alilipeleka shauri kwenye mkutano mkuu wa Wazayuni mjini Basel, Agosti 1903. Waliokubali tume itumwe walikuwa 295, waliokataa 178, na wengine karibu mia moja hawakupiga kura. Mtu angetarajia watu wa Torati ndio wagome. Waliotoka ukumbini kwa kilio walikuwa hasa wajumbe wa Urusi, wengi wao wasioshika Sabato wala kujali chungu kipi kimepika nini. Wajumbe wa Kishinev yenyewe walikataa. Kundi la kidini, Mizrachi, lililoasisiwa mwaka 1902 na Rabi Yitzchak Yaacov Reines, kwa sehemu kubwa lilipiga kura ya ndiyo.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi, na naona hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Kwa Reines, Uzayuni ulikuwa njia ya kuokoa watu, na ukombozi wa kimasihi ulikuwa wa Mungu peke yake. Halakha inasema kuokoa uhai huivunja hata Sabato. Basi kama kuna nchi ya kuwaokoa watu, hata ikiwa nyuma ya Nandi, ichukuliwe. Sheria itasafiri nao, kama ilivyosafiri kwenda Babeli, Hispania na Poland. Lakini yule aliyeiacha sheria alibakiwa na nini cha kumfanya Myahudi? Lugha, kumbukumbu na udongo. Ukimnyang'anya udongo wa Sayuni, umemwacha mtupu. Max Nordau, rafiki wa Herzl, alijaribu kuwatuliza kwa kuiita Afrika makao ya usiku mmoja tu. Desemba mwaka huo kijana mmoja Myahudi akamfyatulia risasi mjini Paris, zikamkosa.

Lakini zipo amri zilizofungwa na udongo kwelikweli. Kila mwaka wa saba ardhi ya Israeli hupumzishwa: hailimwi, haivunwi kwa biashara. Amri hiyo haivuki mpaka wa nchi ile. Wayahudi wangehamia Uasin Gishu wangelima miaka yote saba bila dhambi. Waliokwenda Palestina ndio waliokwama. Mwaka wa mapumziko wa 1909 hadi 1910, Rabi Abraham Isaac Kook aliidhinisha mashamba yauzwe kwa muda kwa asiye Myahudi ili kilimo kiendelee. Marabi wengine wakamkatalia, na ubishi unafufuka kila mwaka wa saba. Mkisii aliyegawiwa kishamba na baba yake, akakigawa tena kwa wanawe wanne, atamwelewa Kook upesi kuliko atakavyowaelewa wapinzani wake.

Tume ya watu watatu ilifika Uasin Gishu mapema 1905. Mmoja wao, Nahum Wilbusch, Myahudi kutoka Urusi, aliripoti kwamba hapafai. Leo uwanda huo ni ghala la mahindi la Kenya. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya ripoti yake. Herzl alikuwa amekufa Julai 1904, na mkutano wa 1905 ukalifunga shauri. Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaingia mwaka 1908. Katika Wayahudi waliovutwa Kenya na habari za mpango ule alikuwamo Abraham Block, aliyefika 1903 na baadaye akainunua hoteli ya Norfolk. Nairobi ilipata jumuiya ya Kiyahudi iliyodumu.

Dola ya Israeli ilipokaribia kuzaliwa, ubishi ulikaa mezani kama mapatano. Juni 1947 David Ben-Gurion, kiongozi wa Wazayuni Palestina, aliwaandikia Agudat Israel, chama cha watu wa dini walioutilia shaka Uzayuni, akiwaahidi mambo manne: Sabato iwe siku ya mapumziko, jikoni za serikali zifuate sheria ya chakula, ndoa zibaki kwa dini, na shule zao ziachiwe uhuru. Mwaka huohuo Waingereza walikuwa wanawafungia Gilgil, kwetu Kenya, wapiganaji wa Kiyahudi waliowakamata Palestina. Mwaka 1953 sheria ya Israeli ikazipa mahakama za marabi mamlaka pekee juu ya ndoa na talaka za Wayahudi. Msomaji wa pwani hatashangaa. Mahakama za Kadhi, kama hizo za marabi, zina asili yake katika desturi za watawala Waislamu ambazo Mwingereza alizikuta akaziacha zilivyo, tofauti ikiwa kwamba Katiba yetu ya 2010 inamfikisha mtu kwa Kadhi ikiwa tu pande zote ni Waislamu na zinakubali mamlaka hayo. Wasabato wetu nao walipitia mahakama za kawaida kuhusu wanafunzi wanaolazimishwa masomo na mitihani Jumamosi: walishindwa Mahakama Kuu, wakashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2017.

Swali la nani ni Myahudi dola ililijibu mwaka 1970, katika Sheria ya Kurudi: aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka, na asiwe wa dini nyingine. Aliyeongoka mbele ya nani, sheria haikusema. Pengo hilo limewafikia majirani zetu wa Mbale, Uganda, ambako Semei Kakungulu aliwatahiri wanawe na kuanzisha jumuiya ya Abayudaya mwaka 1919. Mwaka 2002 mamia yao waliongoka rasmi mbele ya marabi wa mkondo wa Conservative, na kiongozi wao, Gershom Sizomu, akawa rabi mwaka 2008. Ofisi kuu ya marabi ya Israeli, iliyo ya Waorthodoksi, haiutambui uongofu huo.

Nikifikiria Mkisii anayeijia halakha na Misri yake mkononi, najua atakavyopokewa. Baraza la marabi watatu halitamuuliza mababu walipitia wapi. Litamuuliza kama anazikubali amri. Atasema ametahiriwa, Desemba, kama wavulana wote wa Gusii. Nao watamjibu kwamba tohara ile haikufanywa kwa nia hii, watatoa tone moja la damu, kisha watampeleka majini azame mwili mzima. Akitoka hapo ni Myahudi kwa sheria ya mabaraza yanayowatambua wale watatu. Kuhusu pasipoti, atapanga foleni upya kwenye dirisha jingine.