Ritifaa ya ng' na Batli za Kompyuta: Dokezo la Kihistoria kuhusu Kumbukumbu za Nakivale

Batli, kwa wanamaji wa pwani, ni daftari la safari ya chombo. Kiingereza huliita daftari hilo kwa jina la gogo lililotupwa baharini kupima mwendo, na jina hilo likahamia kwenye kompyuta, ambako kila tukio huandikwa mstari wake. Sioni sababu ya batli kutofuata njia hiyohiyo.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958, enzi ya daftari la karatasi. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda na UNHCR zilihakiki wakimbizi nchini kote kwa alama za mwili. Waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1, ilhali waliotarajiwa walikuwa milioni 1.4. Chanzo cha pengo hilo hakikuwa tahajia. Hata hivyo, sera hufuata idadi ya mistari.

Programu ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, ilifikia toleo la 1.0.0 tarehe 29 Februari 2000. Amri yake ya read.table, isipoelekezwa vinginevyo, huichukulia ritifaa kuwa alama ya kunukuu. Nasi tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu 1930, imetuachia ritifaa inayotenga ng'oa na ngoa.

Tuchukue batli ya malalamiko ya Rwekubo, safu zake zikitengwa kwa alama ya mkato na maelezo yakiwa safu ya mwisho. Mkulima analalamika kwamba ng'ombe wameingia shambani mwake. Ritifaa hiyo hufungua nukuu, na R humeza kila mstari unaofuata mpaka ikutane na ng'ombe wa mlalamikaji mwingine. Malalamiko kumi huwa moja, bila onyo lolote. Waingereza nao huumia kwa majina kama O'Brien, lakini wao hawafugi ng'ombe wenye ritifaa.

Tiba ni fupi: quote = "", kisha idadi ya mistari ilinganishwe na ile iliyosomwa kwa readLines. Mtafiti wa msamiati aongeze na.strings = "", kwani neno NA, likiwa peke yake kwa herufi kubwa, R hulisoma kuwa thamani iliyokosekana.