Lugha ya Hukumu na Haki ya Mnyonge

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika usemi huo mfupi mna falsafa nzima ya sheria ya jinai. Hawakusema kwamba mkosaji aachwe bila adhabu. Walisema kwamba hata anayeadhibiwa angali mtu, na lipo lake analostahili kupewa. Jamii ikimvua mtu utu wake kabla ya kumhukumu, hukumu yake haitofautiani na kisasi.

Historia ya mahakama zetu yaonyesha jinsi mtu awezavyo kutengwa katika baraza lile lile alilopelekwa kutafutiwa haki. Zama za Waingereza, Tanganyika ilikuwa na mifumo miwili ya mahakama. Kwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, mabaraza yaliyowahukumu Waafrika yaliondolewa chini ya Mahakama Kuu, yakawekwa chini ya maofisa wa utawala. Rufani ya mwananchi ilikwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na hatimaye kwa Gavana. Mtawala ndiye aliyekuwa mwamuzi, na wakili hakuruhusiwa kusimama humo kumtetea mtu.

Makosa makubwa, kama vile mauaji, yalisikilizwa katika Mahakama Kuu, na lugha ya huko ilikuwa Kiingereza. Mwanakijiji aliyekabiliwa na kitanzi aliwatazama watu wakijadiliana juu ya roho yake, naye asijue walisemalo ila kwa kinywa cha mkalimani. Mwili wake ulikuwa kizimbani, lakini yeye mwenyewe alikuwa nje ya kesi yake.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliubomoa ukuta wa rangi. Mahakama zote zikaunganishwa katika mfumo mmoja, na chini kabisa zikawekwa Mahakama za Mwanzo, ambamo hakimu aliketi pamoja na washauri wa mahakama, na shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, ukuta wa lugha ulibaki katika ngazi za juu. Aliyekata rufani alipanda ngazi ya haki akiiacha lugha yake chini. Mpaka mwaka 2021 ndipo Bunge lilipotunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji.

Jambo hili si la fahari ya taifa tu. Adhabu hukusudiwa kurekebisha, na asiyeelewa kosa lake wala sababu za hukumu yake hawezi kurekebishwa nayo. Atajiona ameonewa tu. Tena Kiswahili nacho chaweza kuwa ukuta kwa Mhadzabe asiyekizoea, au kwa kiziwi. Kwa ajili hiyo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliagiza kwamba ushahidi utolewao kwa lugha asiyoijua mshtakiwa ufasiriwe mbele yake.

Lakini tusiwatupie mahakimu mzigo wote. Lugha yetu wenyewe hutenga. Mtuhumiwa ni anayeshukiwa. Mshtakiwa ni aliyesomewa shtaka. Mahabusu ni anayengoja hukumu kifungoni. Mfungwa ni aliyekwisha kuhukumiwa. Katiba yetu ya mwaka 1977 yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Mtaani, hata hivyo, wote wanne huitwa jina moja: mwizi. Neno hilo likipigiwa kelele, mawe hufuata, na mtu hufa bila kuulizwa jina lake.

Basi mwalimu anayewafundisha vijana kuyapambanua maneno hayo manne hafundishi msamiati tu. Huenda siku moja kijana mmoja, katikati ya kundi lenye hasira, akalikataa neno lile na kudai mtu apelekwe mbele ya hakimu. Hapo haki ya mnyonge itakuwa imepata mlinzi.