Bado: Kielezi Kimoja katika Historia ya Nakivale

Siku moja nikiwa Biharwe, karibu na mji wa Mbarara, nilimsikia kijana akimwamkia mzee wa Kikongo kisha akamuuliza, "Mzee, bado mko Nakivale au mmesharudi kwenu?" Mzee akajibu, "Bado." Neno moja lilijibu sehemu zote mbili za swali. Insha hii inajadili maana ya kielezi hicho, nafasi yake katika ushairi, na jinsi kinavyotusaidia kuisoma historia ya wakimbizi.

Neno bado lina asili ya Kiarabu, ba'd, na ni ndugu wa neno baada. Katika Kiswahili lina sura mbili. "Bado yupo" huonyesha hali inayoendelea. "Bado hajaja" huonyesha jambo linalosubiriwa. Kinyarwanda hutenganisha maana hizo ndani ya kitenzi: "aracyahari" kwa ya kwanza, "ntaraza" kwa ya pili. Kiingereza hutumia still na yet. Hata hivyo, still humaanisha pia utulivu, na wahakiki wamebishana kuhusu maana yake katika shairi la Keats la 1819 linalohusu chungu cha Kigiriki.

Washairi wetu nao wana utata wao. Katika mshororo wa mizani 16, bado huchukua mizani 2 tu. Mshairi akiandika "bado nyumbani," je, msemaji angali kwao, au kilichobaki ni kufika kwao? Shairi linaweza kuzibeba maana zote mbili bila kosa.

Historia ya Nakivale imebeba utata huohuo. Makazi hayo yalianza kwa kupokea Watutsi waliokimbia Rwanda kufuatia machafuko ya 1959. Kwa zaidi ya miaka 30 wengi wao walikuwa bado wapo Uganda na bado hawajarudi. Baada ya 1994 wengi walirejea Rwanda. Wakongo, Warundi na Wasomali nao wakaja, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana sokoni.

Hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kuwa mwangalifu. Akiandika "hawakurudi," amefunga habari. Akiandika "hawajarudi," ameacha mlango wazi, kama walivyouacha wenyewe. Mwaka 1980 sentensi ya kwanza ingeonekana sahihi. Baada ya 1994 ingekuwa kosa.

Biharwe yenyewe ina funzo hilo. Masimulizi yanasema kuwa jeshi la Bunyoro, likirudi na ng'ombe wa nyara, liliona jua likipatwa, likaingiwa na hofu na kuwaacha ng'ombe. Wanahistoria wengi hulihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa Aprili 1520. Askari walidhani mambo yamekwisha, kumbe jua bado lilikuwepo.

Kwa kuhitimisha, wahenga walisema hujafa hujaumbika. Jibu la mzee yule halikuwa la kukata tamaa. Lilikuwa la mtu ambaye safari yake haijaisha.