Sahani ya Serikali

Mwaka 1952, wanafunzi wa Makerere kule Kampala waligoma kwa sababu ya chakula. Siku zile Makerere ndiyo ilikuwa chuo cha eneo hili lote. Mkenya aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alipanda treni kwenda Uganda. Wakubwa wa chuo waliona huo ni utovu wa nidhamu, wakawafukuza waliohesabiwa kuwa viongozi. Mmoja wao alikuwa Abu Mayanja, ambaye mwaka huohuo alikuwa ameshiriki kuanzisha chama cha Uganda National Congress. Mwingine alikuwa Mkenya, Josephat Karanja.

Shika hilo jina la pili. Karanja alisoma India na Marekani, akawa balozi wetu London, na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kusimama chenyewe, akateuliwa kuwa Makamu wa Chansela. Yaani kijana aliyefukuzwa chuo kwa mambo ya msosi akakabidhiwa chuo kizima, jikoni ikiwemo. Mwaka 1988 akawa Makamu wa Rais. Historia yetu inapenda sana mizaha ya aina hii.

Lakini kwa nini chakula kiwe jambo la kumfukuzisha mtu? Kwa sababu bwalo, au mess kama kila comrade anavyoliita, halikuwa mahali pa kushiba tu. Vyuo hivi viliigwa Uingereza, na kule mwanafunzi alilala, alikula na kusoma ndani ya ua mmoja. Kushika kisu na uma ilikuwa sehemu ya masomo. Aliyelalamikia chakula alionekana kama mgeni anayemtukana mwenyeji mezani kwake.

Uhuru ulipokuja, mwenyeji alibadilika, lakini meza ikabaki. Serikali mpya ilihitaji watu wa kujaza ofisi za Wazungu, na iliwahitaji haraka. Kwa hivyo iliwalisha. Waliosoma miaka ile hukusimulia mayai ya asubuhi na nyama ya mchana mpaka ushuku wanakuchezea shere. Punguza nusu kwa sababu ya utamu wa kukumbuka ujana. Bado kinachobaki ni kingi. Hata mfumo wa mikopo ulipoanza katikati ya miaka ya 1970, mwanafunzi aliendelea kukuta chakula mezani, na juu yake akapata pesa za mfukoni zilizoitwa boom. Kuna wadogo wengi kijijini waliolipiwa karo na boom ya kaka yao.

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii, na sidhani tunalisema vya kutosha. Bwalo la bure lilikuwa bunge. Watu wote walikula maharagwe yaleyale, saa ileile, wakiangaliana. Maharagwe yakiwa na wadudu, mwana wa waziri na mwana wa mchuuzi walijua pamoja, na kufikia saa saba na robo chuo kizima kilikuwa kimejua. Hukuhitaji kipaza sauti. Serikali ilikipiga marufuku chama cha wanafunzi wa Nairobi, SONU, mwaka 1987, lakini foleni ya chakula haikuweza kuipiga marufuku. Watu waliendelea kukutana mara tatu kwa siku, kwa gharama ya serikali yenyewe.

Kisha pesa zikaisha, au tuseme zikaelekezwa kwingine. Vyuo viliongezeka: Moi 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987. Mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 wakaingia, na vinywa vya kulishwa vikazidi. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wakisisitiza serikali ipunguze matumizi. Mwaka 1991 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama. Boom ikafa, na kwenye mess ukawekwa mtindo mpya: unakula ulicholipia. Maandamano yakafuata, vyuo vikafungwa, watu wakarudishwa makwao. Waliporudi, dirisha la kulipia lilikuwa palepale.

Kwenye vitabu vya uchumi hayo ni marekebisho ya matumizi. Kwenye hosteli yalikuwa kitu kingine kabisa. Tangu hapo kila mtu alikula kulingana na mfuko wake, na kwa saa yake. Mwenye pesa alivuka barabara kutafuta kuku na chips. Mwenye kidogo alinunua ugali nusu na sukuma. Wengine walificha koili ya umeme chini ya kitanda wakachemsha mchele, sikio likiwa mlangoni kwa sababu kupika chumbani ni marufuku. Njaa haikuwa tena habari ya chuo. Ilikuwa siri ya mtu.

Mimi niliingia chuo miaka mingi baada ya hapo, chuo cha umma, na nilikuta hali hiyo imeshakuwa kawaida. Rafiki niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa na mazoea ya kwenda maktaba kila saa sita na nusu. Tulimsifu kwa bidii. Ilituchukua karibu muhula mzima kugundua kwamba maktaba ndiyo ilikuwa chakula chake cha mchana. Ukimwuliza, alisema ameshiba. Sasa utaandamana vipi kwa ajili ya mtu aliyeshiba? Wanafunzi wa 1952 walikuwa na chakula kibaya, lakini kilikuwa kibaya cha wote.

Siwalaumu wapishi. Mess yetu ilikuwa na bei ya chini kuliko mahali pengi mjini, na ndengu zao, siku zikiiva vizuri, hazikuwa na mpinzani. Tatizo ni kwamba bei ya chini bado ni bei, na HELB ikichelewa, mtu aliyesota hana habari na punguzo.

Aliyezijua njaa zetu zote kwa majina ni mama wa kibanda nje ya geti. Alikuwa na daftari la mistari, limefungwa kwa raba, na kila comrade alikuwa na ukurasa wake: chapo mbili, madondo, strungi, tarehe. Hakuwahi kumsomea mtu deni lake mbele ya wengine. Siku HELB ilipoingia, foleni ndefu ilikuwa kwake, na ilikuwa ya kulipa.