Mawe ya Nyongo Ugogo: Upasuaji Uliochelewa Kufika

Mchinja mbuzi haulizwi alisomea wapi, lakini akishafungua tumbo, kila aliye pembeni humwangalia mkono. Chini ya ini kuna kifuko cha kijani, kimejaa nyongo. Mzoefu hakivuti. Hukikata pamoja na ukanda mwembamba wa ini ili kisiguswe na kisu, kwa sababu kikipasuka, ini lote linaingia uchungu na wenye nyama wananuna. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, ni wafugaji wa tangu na tangu, kwa hiyo kifuko hicho wanakijua hata watoto. Kilicho kigeni, hata leo Miyuji mjini Dodoma, ni habari kwamba binadamu anaweza kutolewa kifuko chake akarudi nyumbani akala, akalima na akazaa.

Mtu wa kwanza kutolewa kifuko cha nyongo alipasuliwa Berlin tarehe 15 Julai 1882. Daktari wake aliitwa Carl Langenbuch, na mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteswa na maumivu kwa miaka 16. Kabla ya hapo madaktari waliofika kwenye nyongo waliishia kupasua kifuko, kutoa mawe na kuacha kifuko kibaki, kama alivyofanya John Bobbs kule Indianapolis, Marekani, mwaka 1867. Langenbuch aliona hiyo ni kazi nusu. Kwake, kifuko kilistahili kutolewa kwa sababu ndicho kinachotengeneza mawe, na kikiachwa kitatengeneza mengine. Wagonjwa wa leo bado huuliza kwa nini wasitolewe mawe tu. Jibu ni lilelile la 1882.

Kilichompa Langenbuch ujasiri ni kwamba alijua wapo wanyama wasio na kifuko hicho kabisa. Farasi hana, tembo hana, na punda pia hana. Punda anayebeba madumu ya maji vijijini Dodoma hupokea nyongo moja kwa moja kutoka kwenye ini kwenda utumbo mdogo, na hakuna aliyewahi kumhurumia kwa hilo. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku. Kifuko ni ghala dogo la mililita 30 hadi 50, likingoja mafuta yafike tumboni ndipo limwage.

Mwaka huohuo wa 1882, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa ikipita katikati ya Ugogo, na watemi wakitoza hongo, yaani ushuru, kwa maji na njia. Tiba ya kizungu ilikuwa na mlango mmoja mdogo Mpwapwa, kwenye misheni ya Kianglikana ya CMS, ambako Daktari Edward Baxter alihudumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1870. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Muda si mrefu vita vya kwanza vya dunia vikapita na kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, vikaacha njaa kuu ya Mtunya, ambayo Wagogo wanaihesabu hadi leo kama alama ya nyakati. Katika hali hiyo, maumivu ya ubavu baada ya kula mafuta, dalili ya mawe ya nyongo, yasingekuwa ugonjwa wa kuandikiwa barua.

Hospitali ya Mvumi ndiyo inayotupa picha ya wazi zaidi ya upasuaji wa zamani katika nyanda hizi. Paul White, daktari wa CMS kutoka Australia, alifanya kazi huko kati ya 1938 na 1941, na vitabu vyake vilivyosomwa duniani kote vilitokana na wodi za Mvumi. Malaria, uzazi mgumu, macho yaliyoharibika: hayo ndiyo yaliyomtawala. Ukisoma tiba ya Ugogo ya zama zile, mawe ya nyongo hayana nafasi ndani yake.

Je, hayakuwepo, au hayakuonekana? Hapa ndipo historia yetu inapokuwa na utamu wake, na mimi nasimama upande wa majibu yote mawili.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960, alituma dodoso kwa hospitali nyingi za misheni barani Afrika akiuliza magonjwa gani wanayaona na yapi hawayaoni. Mawe ya nyongo yalikuwa miongoni mwa magonjwa aliyoyaona kuwa nadra vijijini Afrika na ya kawaida Ulaya, na yeye na wenzake wakaelekeza kidole kwenye chakula kilichokobolewa na kukosa makapi. Hakuwa akibuni. Uchunguzi wa maiti hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 1964, nao ulikuta mawe kwa watu wachache. Ugali wa uwele na mtama kwa mlenda, kazi ya jembe na mwendo wa miguu huenda vilimlinda mkulima wa Ugogo.

Lakini madaktari wa zamani walikuwa pia na macho mafupi. Eksirei haioni mawe mengi ya nyongo, kwa kuwa mengi hayana chokaa ya kutosha. Kipimo cha dawa ya kuonyesha kifuko, kilichobuniwa na Evarts Graham na Warren Cole huko St. Louis mwaka 1924, kilihitaji vifaa na mpangilio ambao hospitali ya misheni isingekuwa nao. Ultrasaundi ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilipoanza kuenea duniani kwa uchunguzi wa tumbo katika miaka ya 1970, kisha taratibu ikafika hospitali za mikoa na baadaye hata vituo vya mitaani, mama aliyekwenda kupimwa ujauzito aliambiwa pia ana vijiwe.

Na mji nao ukabadilika. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikaa miaka mingi ukisuasua, hadi Serikali ilipohamia kwa kishindo kuanzia 2016. Miyuji, upande wa kaskazini mwa mji, ikajaa viwanja vilivyopimwa na familia kutoka kila mkoa. Zimekuja na miili yao: wapo wenye selimundu, ambayo huvunja chembe nyekundu mfululizo na kutengeneza mawe meusi hata kwa watoto, na inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka. Vimekuja pia viti vya ofisi, chipsi mayai na uzito. Wanawake waliozaa wanapata mawe zaidi ya wanaume, na anayepungua uzito kwa kasi naye huyaita.

Kwa hiyo mgonjwa wa Miyuji leo ana shida moja ambayo mwenye ngiri hana: hana shangazi wala bibi wa kumsimulia. Ngoja basi asimuliwe hapa.

Maumivu huja juu ya tumbo upande wa kulia, mara nyingi usiku baada ya mlo wa mafuta, yakipenya hadi chini ya bega. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakameza omeprazoli za duka la dawa kwa miezi. Mawe yasiyouma kwa kawaida huachwa. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au homa ikapanda pamoja na maumivu, hilo si la kusubiri Jumatatu. Miyuji ina hospitali ya masista ya Mtakatifu Gemma. Mjini ipo hospitali ya mkoa iitwayo Jenerali, na upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015 na ambayo mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo.

Upasuaji wa kisasa ni wa matundu madogo. Erich Mühe aliufanya kwanza Böblingen, Ujerumani, Septemba 1985, na wenzake wakambeza. Mgonjwa hufunga chakula, huwekewa dripu na kulazwa usingizi kamili. Tumbo hujazwa hewa ya kabonidioksidi, kamera huingia kitovuni, na vyombo vingine hupita kwenye matundu mawili au matatu. Kisha daktari hufanya kile mchinjaji anachokijua kwa upande wake: hushika kifuko kwa juu, hukiinua, na husafisha polepole pembetatu ndogo iliyoelezwa na Mfaransa Jean-François Calot miaka ya 1890, mpaka aone kwa macho yake mshipa mmoja wa damu na mrija mmoja tu vikiingia kwenye kifuko. Hapo ndipo anabana na kukata. Kuukata mrija mkuu wa nyongo kwa kudhania ni huo ndiyo hatari kubwa, na hutokea kwa wagonjwa wachache katika kila 1,000. Asipoona vizuri, daktari mzuri hufungua tumbo chini ya mbavu. Mgonjwa akiamka na mshono mrefu asione ameharibiwa. Mara nyingi ameokolewa.

Akipasuliwa kwa matundu, huenda akarudi nyumbani kesho yake. Bega litamuuma siku moja mbili kwa sababu ya ile hewa. Akifunguliwa, atakaa wodini siku kadhaa na hatabeba ndoo, kuni wala mtoto mzito kwa wiki nne hadi sita. Mwenye shamba, kama daktari anaruhusu kusubiri, ajipangie kiangazi, kwa sababu mvua za Dodoma ni msimu mmoja kuanzia Desemba na jembe halina mbadala. Baadhi huharisha wakila mafuta mengi miezi ya mwanzo, na wengi huzoea.

Kifuko chenyewe kinapaswa kupelekwa maabara kuchunguzwa, maana mara chache hukutwa saratani iliyojificha ndani. Majibu huchukua muda, na aliyepona hurudi kuyafuata.