Kabla udownload hiyo programu ya bure

Wasee, kila wiki kuna mtu ananiuliza atumie programu gani ya bure kuchora vitu vyake vya 3D. Stendi ya simu, kifuniko cha redio, vitu kama hivyo. Mimi humrudishia swali: hiyo michoro itabaki yako?

Nikiwa chuo nilikuwa na leseni ya wanafunzi. Bure kabisa, kila kitu ndani. Nikaacha masomo (karo, hiyo ni stori ya siku nyingine), leseni ikaisha, na faili zangu zikawa mawe. Majina nayaona, kufungua siwezi. Mwaka mzima wa kuchora fremu ya droni, buda! Hapo ndipo nikaanza kusoma hivi vitu vilitoka wapi.

Mwaka wa 1963 mwanafunzi wa MIT, Ivan Sutherland, alionyesha Sketchpad. Ulichora kwa skrini ukitumia kalamu ya mwanga, na ukiiambia mistari miwili iwe sambamba, inabaki sambamba. Hiyo akili bado iko ndani ya programu unazotumia leo. Shida ni kwamba ilihitaji TX-2, kompyuta ya kujaza chumba. Kwa miaka mingi baadaye hii ilikuwa hasa kazi ya makampuni ya magari na ndege.

Halafu 1982, John Walker na wenzake wakatoa AutoCAD, ya kompyuta ndogo za mezani, kwa kama dola 1,000. Usicheke. Mitambo ya wakati huo ilienda makumi ya maelfu ya dola.

Bure ikaja baadaye, na bure ina mwenyewe. SketchUp ilianza 2000, Google ikainunua 2006 na kutoa toleo la bure, kisha 2012 ikaiuzia Trimble. Toleo la mwisho la bure la kuweka kwa kompyuta ni la 2017. Siku hizi ya bure unaitumia kwa brauza, na bandoli ikiisha, pole.

Lakini iliyonigusa zaidi ni ya Septemba 2020. Autodesk walitangaza kwamba watu wa Fusion 360 ya bure watabaki na faili kumi tu za kuhariri kwa wakati mmoja, na hawataweza tena kutoa michoro kwa fomati ya STEP. STEP ndiyo lugha ambayo programu nyingi zinaelewana nayo, kwa hivyo kuifunga ni kufunga mlango wa kutokea. Watu walipiga kelele, STEP ikarudishwa. Zile kumi zikabaki kumi.

FreeCAD nayo iko tangu 2002, na haina leseni ya kuisha. Sitakudanganya, ni ngumu. Miaka mingi ulikuwa unabadilisha upande mmoja wa mchoro na mashimo yote yanahama. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na hiyo shida imepungua sana. Fusion bado ni rahisi kujifunza, na kama una intaneti nzuri na haraka ya kumaliza kitu kimoja, sikukatazi. Tolea tu STEP kila Jumapili.

Fremu ya droni nimeichora upya, wiki tatu. Iko kwa flashi, na nakala ya STEP kando yake.