Taa ya Jack: kutoka tanipu ya Donegal hadi boga la Marekani

Katika makumbusho ya maisha ya mashambani ya Ireland, nje kidogo ya mji wa Castlebar, kaunti ya Mayo, kuna kichwa kidogo kinachowashtua wageni. Macho yake ni matundu yaliyozama, na mdomo uko wazi ukionyesha meno yaliyochongoka. Ngozi yake imesinyaa mithili ya ngozi ya maiti iliyokaushwa. Kichwa hicho ni nakala ya plasta. Cha asili kilikuwa tanipu, mzizi wa jamii ya kabichi unaolimwa sana katika nchi za baridi, na kilitoka kijiji cha Fintown, kaunti ya Donegal. Makumbusho yalikipokea mwaka 1943, na kwa kuwa mzizi haukai, ikatengenezwa nakala ili sura isipotee.

Anayelifahamu boga la Halloween la siku hizi, lile la rangi ya chungwa lenye macho ya pembetatu na tabasamu pana, atashangaa kuambiwa kwamba vitu hivi viwili ni vya ukoo mmoja. Lakini ndivyo ilivyo. Na ukifuata njia iliyopitwa kutoka mzizi ule hadi boga hili, utaona jambo moja likijirudia: kila sanaa hii ilipopata uhai mpya, ni kwa sababu kuna mtu alilitazama upya zao alilokuwa nalo au kifaa alichokishika.

Usiku wa kuamkia Novemba

Wakelti wa Ireland, Scotland na Kisiwa cha Man walikuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain. Iliangukia mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, mavuno yakiwa yameisha na mifugo imesharudishwa kutoka malisho ya kiangazi. Ulikuwa mlango wa majira ya giza, na watu waliamini kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na wafu ulilegea.

Kanisa nalo lilikuwa na sikukuu yake ya Watakatifu Wote. Katika karne ya 8 Papa Gregory wa Tatu aliweka wakfu mjini Roma kikanisa kwa heshima ya watakatifu wote, na mwaka 835, zama za Papa Gregory wa Nne, tarehe 1 Novemba ikaenezwa katika milki ya Wafranki. Jina Halloween limetokana na mkesha wa sikukuu hiyo. Imani ya zamani na kalenda ya Kanisa zikakutana katika usiku mmoja, na tangu hapo hazijaachana.

Mara nyingi tunasoma kwamba Wakelti wa kale walichonga tanipu kufukuza mizimu. Lakini kumbukumbu za kuaminika za tanipu zilizochongwa kwa ajili ya Halloween, hasa Ireland na nyanda za juu za Scotland, ni za karne ya 19. Vijana walizikomba, wakazitoboa sura, wakatia mshumaa au kaa la moto, kisha wakazibeba kwa kamba wakipita nyumba hadi nyumba. Nyingine ziliwekwa dirishani au juu ya nguzo za lango ili kuzuia mabaya na kumtisha mpita njia.

Kisa cha Jack bahili

Taa hizo zilikuwa na hadithi yake, na ilichapishwa mjini Dublin katika miaka ya 1830. Jack alikuwa bahili, mlevi na mjanja kupita kiasi. Alimtega Ibilisi zaidi ya mara moja, na hakumwachia mpaka alipoahidi kwamba hataichukua roho yake. Jack alipokufa, peponi alikataliwa kwa uovu wake. Akashuka jehanamu, na huko akakumbushwa ahadi: hapa pia huna nafasi. Ibilisi akamrushia kaa moja la moto limmulikie njia. Jack akalitia ndani ya tanipu, na tangu siku hiyo anatangatanga duniani.

Jina la taa ya Jack lenyewe lilikuwapo kabla ya tanipu hizo. Katika Uingereza ya karne ya 17 lilitumika kwa mlinzi wa usiku aliyebeba taa, na pia kwa mwanga wa ajabu unaoonekana kwenye vinamasi, ambao wanasayansi wanauhusisha na gesi za mimea inayooza. Watu wa kinamasi waliuona mwanga usio na mwenyewe ukihamahama gizani, nayo hadithi ikampa mwenyewe.

Mzizi mgumu

Tanipu ilichaguliwa kwa sababu ilikuwapo shambani msimu huo, na ilikuwa ya bei ndogo. Kuichonga ni kazi ya kutoa jasho. Nyama yake nyeupe imeshikana, kijiko kinateleza, na hata baada ya kukwangua kwa muda mrefu unapata shimo dogo tu. Mchongaji hana nafasi ya urembo mwingi: matundu mawili ya macho na mpasuko wa mdomo. Sura ya Donegal inatisha kwa sababu hiyo hasa. Mzizi unapokauka, ngozi inajikunja, na mikunjo inakamilisha kazi ambayo kisu hakikuweza kuifanya.

Mila hii haijafa Ulaya. Katika kijiji cha Hinton St George, Somerset, Uingereza, Alhamisi ya mwisho ya Oktoba watoto huandamana na taa zao, ambazo kwa asili huchongwa katika bitiruti kubwa za kulishia mifugo. Richterswil, kando ya ziwa la Zurich nchini Uswisi, hufanya maandamano ya taa za tanipu kila Novemba. Huko ngozi huchorwa kwa kukwanguliwa kidogo bila kutobolewa, mwanga ukapenya kwa rangi ya zambarau hafifu. Mbinu hiyo tutaikuta tena Marekani.

Zao la Amerika

Boga kwa asili ni la bara la Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, wataalamu wa mambo ya kale wamepata mbegu za maboga yaliyopandwa na binadamu yapata miaka 10,000 iliyopita, kabla mahindi hayajawa zao la kutegemewa. Ni baada ya safari za Columbus ndipo maboga yalipovuka bahari. Hata boga tunalolipika kwa tui la nazi, na majani yake tunayoyala kama mboga, asili yake ni huko.

Watu wengi wanaamini kwamba wahamiaji kutoka Ireland ndio waliokuwa wa kwanza kuchonga boga. Historia haikubaliani nao. Mshairi John Greenleaf Whittier, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1807, aliandika shairi kuhusu boga akikumbuka utotoni walivyolichonga sura na kulitia mshumaa, na shairi hilo linahusu Sikukuu ya Shukrani, si Halloween. Kwa hiyo watoto wa New England, yaani Massachusetts na majimbo jirani, walikuwa wakichonga maboga ya mavuno kabla ya wimbi kubwa la Waairishi kufika.

Kilicholetwa na Waairishi na Waskoti ni usiku wenyewe. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, baada ya ugonjwa kuangamiza viazi, iliua watu wapatao milioni moja Ireland na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja waihame nchi. Waliotua Marekani na Kanada walikuja na mila za Oktoba 31, na huko wakakuta boga: kubwa, laini, lenye uwazi wa asili katikati, na linaloiva msimu uleule. Tayari mwaka 1866 gazeti la mji wa Kingston, Kanada, liliwataja watoto wa Halloween pamoja na maboga yaliyochongwa na kutiwa mishumaa. Kufikia mwisho wa karne hiyo boga lilikuwa limekuwa alama ya usiku huo.

Kutoka ghasia hadi mapambo

Halloween ya Marekani haikuanza kwa upole. Vijana waling'oa mageti na kuangusha vyoo vya nje. Katika mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, watu waliamka wakakuta ng'ombe wanazurura mitaani. Mwaka 1920 viongozi wa mji huo waliandaa maandamano na burudani ili vijana wapate cha kufanya, na Anoka inajivunia jambo hilo mpaka leo.

Usiku ulipotulia, ukaingia sebuleni. Kuanzia mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyouza karatasi za mapambo, ilichapisha vijitabu vya kuwafundisha kina mama kupamba nyumba kwa ajili ya Halloween, vikiwa vimejaa picha za paka weusi, wachawi na maboga yenye sura. Rangi nyeusi na ya chungwa zikazoeleka kila nyumba, na boga likatoka langoni likaja mezani.

Hata hivyo, kwa miongo mingi sura haikubadilika. Kisu cha jikoni ni kipana na kinakata mstari ulionyooka, kwa hiyo watu walichonga pembetatu. Aliyeivunja desturi hiyo ni Paul Bardeen wa Racine, Wisconsin, baba aliyependa kuchonga na wanawe. Alitengeneza misumeno midogo yenye wembe mwembamba, pamoja na michoro ya kubandika juu ya boga na kutoboa alama kwa sindano. Mwaka 1986, baada ya kifo chake, watoto wake walianzisha kampuni ya kuuza vifaa hivyo. Msumeno mwembamba unapinda kona, na ghafla mtu wa kawaida aliweza kuchonga popo, mti wenye matawi au uso wa mtu anayetambulika.

Wakati huohuo zao nalo lilikuwa limebadilishwa. John Howden, mkulima wa Massachusetts, alichagua mbegu msimu baada ya msimu hadi akapata boga refu kidogo, lenye rangi kali na kikonyo imara. Aina hiyo, yenye jina lake, ndiyo iliyotawala soko la maboga ya kuchonga.

Mwanga wa tabaka tatu

Chukua boga mkononi uone siri yake. Nje kuna ganda gumu la rangi ya chungwa, ndani yake kuna nyama nene, na katikati nyuzi na mbegu. Ukitoboa hadi ndani, mwanga unatoka mkali. Ukiondoa ganda peke yake na kuacha nyama, mwanga unapenya kwa rangi ya dhahabu. Ukiacha ganda, panabaki giza. Mchongaji ana rangi tatu bila kutumia rangi yoyote, na akikwangua kwa vina tofauti anapata vivuli vyote vya katikati. Ndivyo picha za watu zinavyochongwa juu ya boga, na ndicho Richterswil wanachokifanya juu ya tanipu.

Ray Villafane, aliyekuwa mwalimu wa sanaa Michigan, alichukua njia nyingine kabisa. Aliliacha boga zima bila kulikomba, akachagua lenye ukuta mnene na zito kuliko ukubwa wake, kisha akalichonga kwa vifaa vya wafinyanzi vyenye kitanzi cha waya. Akatoa mashavu, makunyanzi, meno na ndimi zinazotokeza. Kazi yake haitegemei mshumaa. Taa inayomulika kutoka pembeni inatosha kuziamsha sura hizo.

Maonyesho makubwa yakafuata. Keene, New Hampshire, ilianza tamasha lake mwaka 1991, na mwaka 2013 iliwasha maboga 30,581 yaliyochongwa, rekodi ya dunia. Huko Croton-on-Hudson, New York, jirani na Sleepy Hollow ya hadithi maarufu ya Washington Irving, tangu 2005 maelfu ya maboga, mengine ya bandia, hupangwa kwenye bustani ya nyumba ya kale yakawa mazimwi na madaraja. Na tangu mwaka 2014 boga lililopakwa rangi ya buluu ya kijani limepata maana ya huruma: likiwa mlangoni, linamjulisha mzazi kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula kwa mtoto mwenye mzio.

Neno kwa anayetaka kuchonga

Wasomaji wetu walioko Marekani, Kanada na Uingereza hukutana na maboga haya kila Oktoba, shuleni kwa watoto na kwenye milango ya majirani. Kuna familia zinazojiepusha na Halloween kwa sababu za dini, na hilo ni la kuheshimiwa. Lakini sanaa ya kuchonga boga haina haja ya sura ya kutisha: nyota, ua, dau la tanga au jina la mtoto vinang'aa vizuri vilevile.

Anza kwa kulitazama boga ulilonalo. Kikonyo kilichopinda kinaweza kuwa pua ukililaza ubavu, na doa lisilopendeza linaweza kuwa jicho. Kama utawasha mshumaa, toboa tundu la kutolea moshi. Kama utatumia taa ya betri, fungua boga kwa chini ili kikonyo kibaki. Ukikata kifuniko cha juu, kikate kwa mshazari kisije kikadumbukia ndani. Kwangua ukuta wa mbele ubaki unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Zikaange mbegu kwa chumvi uwape watoto.

Na sherehe ikiisha, usilitupe boga kwenye takataka. Kama halijaoza wala kupakwa rangi, lipe mifugo au lizike bustanini lioze udongoni. Zao lililomlisha binadamu kwa miaka 10,000 linastahili angalau heshima hiyo.